Alama ya P ikiwa juu, mwenyewe si lazima awe mgonjwa

Katika vipimo vya haiba, hakuna alama inayowatisha watu bure kama P, yaani saikotisizimu. Ilienea mwaka 1975, Hans Eysenck, mwanasaikolojia mzaliwa wa Berlin aliyefanya kazi London, alipotoa dodoso pamoja na mkewe, Sybil. Hoja yake ilikuwa kwamba saikosisi, yaani hali ya akili kupoteza uhalisia, haina ukuta unaowatenga wagonjwa na sisi wengine. Sote tumo kwenye mstari mmoja, ila wengi tuko mwanzoni mwake.

Hoja naikubali, maswali ndiyo yananishinda. Dodoso halikuulizi kama unasikia sauti wasizozisikia wengine. Linauliza kama unafunga nyumba vizuri usiku, kama ndoa imepitwa na wakati, kama watu wanahangaika mno na akiba na bima. (Bima! Kwa anayeishi kwa kibarua cha siku, jibu litaeleza mfuko wake kuliko haiba yake.) Anayepata alama nyingi hapo mara nyingi ni mkaidi, mwenye papara, asiyejali sana machungu ya wenzake. Atakusumbua kazini, lakini hilo peke yake halimpeleki kwenye skizofrenia, mojawapo ya maradhi ya saikosisi.

Loren na Jean Chapman, watafiti wa Marekani, walilichunguza jambo hili pamoja na wenzao kwa kuwafuatilia vijana wa chuo kwa miaka 10. Matokeo yalitoka mwaka 1994: alama ya P haikutabiri nani atapata saikosisi. Maswali waliyoyatunga wao wenyewe, kuhusu imani za ajabu na hisia ngeni za mwili, yalifanya kazi hiyo vizuri zaidi.

Mwaka 2013 mwongozo wa Marekani wa kutambua maradhi ya akili, DSM-5, ulilitumia tena jina lilelile katika sehemu ya mapendekezo, safari hii likihusu imani zisizo za kawaida, tabia za kipekee na fikra zinazovurugika. Kwa hiyo nikiletewa ripoti iliyoandikwa "saikotisizimu: juu", kwanza nauliza dodoso lipi lilitumika.

Na hata likiwa hilo jipya, sihesabu haraka. Mtu wa pwani akijibu kwamba majini wapo, namuuliza nyumbani kwao wanasemaje. Kama mama, shangazi na jirani wote wangejibu hivyohivyo, jibu hilo silihesabu kuwa dalili. Kama hata wao wanamshangaa, hapo ndipo mazungumzo yetu yanaanza.