Ngamia jangwani siku nne, na ile ishu ya maji

Kila nikirudi Mbeya kutoka jangwa la Chalbi watu wa Mwanjelwa wananiuliza swali lile lile, eti ngamia anakimbia sana? Hakimbii. Safari ya siku nyingi anatembea kilomita 4 au 5 kwa saa, mwendo wa mtu tu, na muda mwingi na wewe uko chini unatembea pembeni yake kwa sababu yeye kabeba maji yenu. Kazi yangu ni kuongoza watu milimani, Rungwe, Loleza, Kitulo, na mara moja kwa mwaka napeleka kikundi huko Chalbi, kaskazini mwa Kenya, kaunti ya Marsabit, na kusema ukweli sisi wa nyanda za juu miguu tunayo, mtu aliyezoea kupanda Rungwe kilomita 20 za tambarare anazimaliza vizuri. Kinachotuangusha ni kunywa maji.

Fikiria baridi ya Uyole kwetu Mbeya mwezi wa saba, unashinda na chai vikombe viwili na jioni bado uko fresh, mwili umezoea hivyo tangu utotoni. Sasa Chalbi ni sakafu ya ziwa lililokauka zamani sana, udongo mweupe wa chumvi uliopasuka vigae vigae, kivuli hakuna, na upepo wake unakausha jasho kabla hujalisikia, kwa hiyo mtu anadhani hajatoka jasho kabisa.

Safari moja nilikuwa na dada wa Tukuyu, mtembeaji mzuri mno, siku ya pili kama saa 5 asubuhi nikaona amenyamaza. Dada, umekunywa maji? Nimekunywa asubuhi kaka, sina kiu. Alivaa tisheti nyeusi, alipogeuka nikaona mgongoni mistari myeupe imejichora kama ya chaki, ukigusa inakwaruza, ile ni chumvi ya mwili wake. Nikamuuliza na swali la aibu kidogo, tangu alfajiri hajaenda kukojoa. Tukapigisha ngamia magoti hapo hapo, tukafunga turubai, akanywa maji ya oaresi, yale ya chumvi na sukari, kidogo kidogo mpaka saa 10 jioni ndo tukaondoka. Alipona, ila mi siku hiyo niliogopa sana, maana hospitali iko mbali.

Kosa ni kumwangalia ngamia ukadhani na wewe utaweza. Nundu yake siyo tanki la maji jamani, ni mafuta. Siri yake ni kwamba akiwa na kiu anaacha joto la mwili lipande na kushuka, usiku linaweza kufika nyuzi 34 na mchana 40 na kitu, hivyo hapotezi jasho ovyo, na anaweza kupoteza hata robo ya uzito wake kwa kukosa maji na bado akatembea, halafu akifika kisimani anavuta lita 100 ndani ya dakika kama 15. Mtu joto likifika 40 anaanza kuchanganyikiwa, na maji uliyoacha kunywa asubuhi huwezi kuyafidia yote kwa mkupuo jioni.

Hesabu yangu mi ni lita 8 kwa mtu kwa siku, kunywa na kupika, kuoga sahau. Watu watano siku nne ni lita 160, madumu 8 ya lita 20. Ngamia mzima anabeba hata kilo 150 lakini simpakizi maji yote mmoja, nagawa madumu manne manne kwa ngamia wawili, akiteleza mmoja akapasua dumu nusu bado ipo. Na wakati wa kutumia unapunguza kushoto na kulia sawasawa, ukimaliza upande mmoja kwanza soji, yaani tandiko la mizigo, inapinda inamchubua mgongo, na kidonda cha ngamia mkiwa katikati ya jangwa maana yake mzigo wake mnabeba nyie.

Kupanda ngamia utapanda, kwa saa moja moja. Anainuka na miguu ya nyuma kwanza kwa hiyo egemea nyuma la sivyo unaruka kichwani kwake, na akitembea miguu ya upande mmoja inaenda pamoja, unayumba kama uko kwenye boti, kiuno kikikaza shuka utembee.

Masika hatuendi. Chalbi ikilowa inakuwa tope, na nyayo za ngamia ni laini na pana, kwenye utelezi miguu inamtawanyika anaweza kuumia vibaya. Wanaokwenda na mimi safari hii, tunaanza mazoezi ya Loleza wiki tatu kabla, kila mtu na chupa yake ya lita moja na nusu, na tukifika juu nakagua chupa, ikiwa bado na maji hatushuki mpaka iishe.