Mpangilio wa kibodi ni nini?

Mpangilio wa kibodi ni jedwali lililomo ndani ya mfumo endeshi wa kompyuta, linaloamua kila kitufe kitoe herufi gani kinapobonyezwa. Wengi hudhani kwamba herufi imo ndani ya kitufe chenyewe, kwa kuwa imechapwa juu yake. Kumbe kitufe hupeleka namba tu ya mahali kilipo, na jedwali ndilo linaloigeuza namba hiyo kuwa herufi. Ndiyo maana aliyechagua mpangilio wa Kifaransa, uitwao AZERTY, huku kibodi yake ni ya QWERTY, yaani mpangilio wa kawaida wa Kiingereza, akibonyeza kitufe chenye Q hupata A, ingawa kibodi ni nzima kabisa.

Kwa hiyo, ili kuandika lugha nyingine, si lazima kununua kibodi nyingine. Katika Windows, mtu huongeza lugha anayoitaka kwenye sehemu ya mipangilio inayohusu muda na lugha, kisha huhama kutoka mpangilio mmoja hadi mwingine kwa kubonyeza kitufe cha Windows pamoja na kile kirefu cha nafasi. Lugha ya menyu ni suala jingine, nayo inaweza kubaki ilivyo.

Kiswahili hakina herufi isiyopatikana kwenye QWERTY, lakini kina mtego wake. Mpangilio wa Kimarekani wa kimataifa, ambao wengi huuchagua bila kujua, hauonyeshi ritifaa (alama ya ') papo hapo, bali huisubirisha ili iungane na irabu inayofuata. Matokeo yake, aliyekusudia kuandika ng'ombe huletewa ngómbe, akaanza kuilaumu programu ya kusahihisha tahajia, ambayo safari hii haina hatia. Dawa ni kubonyeza kitufe cha nafasi mara tu baada ya ritifaa, au, bora zaidi, kurudi kwenye mpangilio wa Kimarekani wa kawaida.

Kwa Kichina, chenye maelfu ya alama, jedwali peke yake halitoshi. Hapo hutumika programu ya kuingizia maandishi: mwandishi huandika matamshi kwa herufi za Kilatini, kwa mfano «ma», kisha huchagua alama anayoikusudia katika orodha inayojitokeza.

Mpangilio usichanganywe na fonti. Kila herufi ina namba yake katika Unicode, mfumo ambao toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1991. Ŋ, kwa mfano, ni U+014A. Mpangilio huchagua namba, fonti huchora umbo lake. Ukiona kisanduku kitupu mahali pa herufi, mara nyingi namba iliyoandikwa ni sahihi ila fonti haina umbo hilo, na kubadilisha mpangilio hapo hakutasaidia: badilisha fonti.