Mtoto mdogo naye husikia maumivu
Imani kwamba mtoto mdogo hasikii maumivu ilikaa hata hospitalini: hadi miaka ya 1980, baadhi ya vichanga walipasuliwa kwa dawa haba mno za maumivu. Inasikitisha. Utafiti wa daktari Kanwaljeet Anand wa 1987 ulionyesha kwamba vichanga waliopewa dawa ya kutosha walipata matatizo machache zaidi.

Kwa mfano, baada ya upasuaji wa makengeza, misuli ya jicho iliyosogezwa huuma, hasa siku ya kwanza. Mtoto wa miaka miwili hatasema "jicho linauma". Atageukia ukutani, akatae uji, akunje ngumi. Usingoje alie. Mpe parasetamoli kwa saa zake, kwa kipimo cha uzito wake alichoandika daktari. Aspirini asipewe. Maumivu yakizidi, mrudishe hospitali siku hiyohiyo.