Mita 3 juu ya bahari ipi?

Nimeulizwa tena, safari hii na mtu anayetafuta kiwanja Kunduchi: “Dalali kasema kiko mita 3 juu ya usawa wa bahari. Bahari ikipanda mita 1, si bado nabaki na 2?”

Hubaki nazo.

Usawa wa bahari tunaopimia mwinuko ni wastani wa maji kujaa na kupwa. Bahari haikai hapo, hupapita tu, mara nne kwa siku. Dar es Salaam wakati wa bamvua (maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu), kujaa na kupwa hupishana zaidi ya mita 3, kwa hiyo maji yakijaa yako kama mita 1.6 juu ya hiyo sifuri ya dalali. Toa kwenye 3, imebaki 1.4. Toa na mita 1 ya kupanda kwa bahari (IPCC, jopo la kimataifa la wanasayansi wa tabianchi, mwaka 2021 walikadiria 0.63 hadi 1.01 ifikapo 2100, dunia ikiendelea kuchafua hewa vibaya sana) umebaki na sentimita 40. Hapo kusi halijavuma, wala mvua haijanyesha. Mvuvi wa palepale Kunduchi angekuuliza swali la maana zaidi: bamvua linafika wapi?

Na hiyo 3 yenyewe imetoka wapi? Kama ni GPS isiyosahihishwa, achana nayo. Itakuambia Coco Beach iko zaidi ya mita 20 chini ya sifuri. Kama ni ramani ya bure mtandaoni, nyingi zimetokana na rada iliyobebwa na chombo cha anga Endeavour Februari 2000, iliyosoma mikoko na mabati ya nyumba ikadhani ni ardhi. Mtaa uliobanana, kukosea mita 2 ni kawaida. Sasa unatafutaje sentimita 40 humo?

Halafu kuna ramani za mafuriko zinazojaza jiji kama beseni, kila kilicho chini kinapakwa bluu hata kama maji hayana njia ya kufika. Hilo hurekebishika upesi. Linalonisumbua ni Mto Msimbazi. Masika yakishusha maji Jangwani huku bamvua limejaa kwenye mdomo wa mto pale Daraja la Selander, maji ya mto huchelewa kutoka. Bahari si lazima ifike mlangoni kwako, inatosha iyazuie ya mto. Ndiyo maana alama ya tope iliyobaki ukutani baada ya mafuriko naiamini kuliko piseli ya mita 30, yaani kimraba kimoja cha ramani.

Lakini hata ramani yangu mwenyewe ya mafuriko ya Jangwani siiamini sana. Msimbazi hushusha mchanga mwingi, na sakafu ya mto ikiinuka nusu mita, ramani ya 2050 imeshapitwa hata bahari isiposogea. Mimi huweka sakafu ya leo kwa sababu lazima niweke kitu. Kwenye ripoti jambo hili hupewa mstari mmoja wa “kwa kudhani kwamba”, kule nyuma kwenye viambatisho, na ndio ninaoanza kuutafuta nikipewa ramani ya mtu mwingine.