Farasi mweupe wa Herman: namna ya kusoma simulizi za kubadili dini za Zama za Kati

Mvulana wa Kiyahudi wa Köln, Ujerumani, mwenye miaka 13, aliota kaisari amempa farasi mweupe, mshipi wa thamani na mfuko wenye sarafu 7 za dhahabu. Alimwendea jamaa yake aliyeitwa Isaac amfasirie. Isaac akamwambia: farasi ni mke mzuri wa ukoo bora, mfuko ni utajiri. Mvulana alikua, akabatizwa, akaitwa Herman, akaingia monasteri ya Cappenberg, na ndoto ile ile ikapata tafsiri nyingine. Sasa farasi ni neema ya ubatizo, na sarafu 7 ni vipaji saba vya Roho Mtakatifu.

Haya yamo katika kitabu kidogo cha Kilatini cha karne ya 12, kinachosemwa kuwa cha Herman mwenyewe. Sehemu inayonivutia zaidi si ndoto, ni deni. Herman alimkopesha Ekbert, askofu wa Münster, bila kuchukua rehani. Nyumbani wakamjia juu: mkopeshaji gani huyo asiyedai rehani? Wakamrudisha akamgande askofu mpaka alipe, na mzee Baruch akafuatana naye kumchunga. Alikaa huko wiki 20, na katika kungoja fedha akazoea kusikiliza mahubiri.

Je, yote yalitokea? Wapo wanahistoria wanaoona kisa kizima kilitungwa na watawa. Kwa maoni yangu habari ya rehani ina harufu ya maisha ya kweli, lakini ndoto imenyooka mno; aliyeiandika alikwisha kujua inakoishia. Ndiyo kawaida ya maandiko haya: huandikwa baada ya safari, kwa ajili ya wenyeji wapya wa msafiri. Petrus Alfonsi, Myahudi wa Huesca, Hispania, aliyebatizwa mwaka 1106, mfalme wa Aragon akiwa msimamizi wake, aliandika majadiliano kati ya Petrus na Moses. Moses lilikuwa jina lake mwenyewe kabla ya ubatizo. Alijadiliana na nafsi yake ya jana, na bila shaka unajua nani alishinda.

Waliokwenda upande wa pili hawakuwa na mfalme wa kuwasimamia. Mwaka 1222 shemasi mmoja wa Kiingereza aliyeingia Uyahudi alihukumiwa Oxford na kuchomwa moto. Mkristo aliyechukua njia hiyo alikuwa hatarini, na wengine walihamia nchi za Waislamu. Kwa Wakristo Herman anaitwa mwongofu, na kwa ndugu zake wa Köln ni mwasi. Kwa Mkristo aliyeingia Uyahudi majina hayo yanageuzwa tu.

Mmoja wa waliohama ni Johannes, mtoto wa kabaila wa Kinormani kutoka Oppido, kusini mwa Italia. Pacha wake alilelewa kwa upanga, yeye kwa vitabu. Mwaka 1102 aliingia Uyahudi, akachukua jina la Obadiah, yaani mtumishi wa Mungu, maana ile ile ya Abdalla. Baghdad, mtu mzima huyu aliyesoma Kilatini aliketishwa pamoja na watoto yatima kujifunza Torati. Baadaye alifika Fustat, Misri. Kumbukumbu zake za Kiebrania zilihifadhiwa katika ghala la karatasi kuukuu la sinagogi huko, na leo kurasa zake zimetawanyika, nyingine Cambridge, nyingine Budapest.

Naye anasimulia ndoto yake ya ujana, kama Herman. Lakini kati ya karatasi alizoacha mna jambo ambalo hakuna aliyelifasiri kwa niaba yake: tenzi za Kiebrania alizoziwekea alama za muziki za kanisani, zile alizojifunza akiwa Johannes. Kiebrania husomwa kutoka kulia, na alama hizo za Kilatini amezigeuza zifuate mkono huo huo.