Kutoa asidi laktiki kwenye molasi iliyochachushwa kwa kutumia mafuta ya alizeti

Bakteria huchachusha molasi na kutoa asidi laktiki bila shida. Shida ni kuitoa majini. Njia ya zamani hutia chokaa, kisha asidi ya salfuriki, na kila tani ya asidi laktiki huacha takriban tani nzima ya jasi.

Njia nyingine ni uziduaji, yaani kuihamisha asidi kutoka kwenye maji hadi kwenye kimiminika kisichochanganyika na maji. Mafuta ya alizeti peke yake hayafui dafu, kwa sababu asidi hii hupenda maji mno. Anayeikamata ni trioktilamini, kemikali ya kundi la amini inayoshikana na asidi na isiyoyeyuka majini. Mafuta huibeba tu, badala ya mafuta ya taa au heksani zinazoshika moto upesi. Basi ukisikia mchanganyiko huu ukiitwa "kiyeyushi kisicho na sumu", usipumbazike: mafuta ni salama, amini huwasha ngozi na kudhuru bakteria. Zidua nje ya tangi la uchachushaji.

Ondoa kwanza seli za bakteria, kisha shusha pH (kipimo cha ukali wa asidi) hadi 3 kwa asidi ya salfuriki. Trioktilamini hushika asidi ambayo bado ina haidrojeni yake: kwenye pH 3 asidi ya aina hiyo ni takriban asilimia 88, kwenye pH 5.86 ni asilimia 1 tu. Usipitilize, maana asidi ya salfuriki ikizidi huinyang'anya asidi laktiki nafasi kwenye amini.

Changanya mililita 20 za trioktilamini na 80 za mafuta. Chukua mililita 50 za mchanganyiko huo na 50 za maji ya molasi, tikisa taratibu kwa saa 4 kwenye nyuzi 30, acha vitulie saa 2. Pima mililita 5 za tabaka la chini, yaani maji, kwa titresheni: dondoshea hidroksidi ya sodiamu ya 0.1 M (moli 0.1 kwa lita) hadi fenolfthaleini, kiashirio cha rangi, igeuke waridi. Kila mililita 1 inayotumika ni gramu 1.8 za asidi laktiki kwa lita. Kumbuka titresheni huhesabu kila asidi iliyomo, si laktiki peke yake.

Asidi ikigawanyika nusu kwa nusu kati ya maji na mafuta, mzunguko mmoja hutoa asilimia 50. Mafuta yale yale yakigawanywa sehemu tatu na kutumika moja baada ya nyingine hutoa asilimia 58.

Kinachokwamisha wengi ni povu zito kama maziwa katikati ya matabaka. Mafuta ghafi ya mashine ndogo, kama za Singida, yana utomvu unaofunga maji na mafuta pamoja, tumia yaliyosafishwa. Likitokea tabaka la tatu, amini iliyoshika asidi imegoma kuyeyuka: punguza amini au ongeza kidogo dekanoli, alkoholi inayoisaidia kuyeyuka.

Kuirudisha asidi majini hutumika hidroksidi ya sodiamu hafifu, baridi, kwa kiasi kinacholingana na asidi iliyomo. Ikizidi au ikipashwa moto, umepika sabuni. Utakachopata ni laktati ya sodiamu, chumvi ya asidi laktiki inayouzwa kuhifadhia nyama. Anayetaka asidi yenyewe hutumia trimethilamini, amini nyingine inayogeuka gesi kwa urahisi, kisha huifukuza kwa joto. Mafuta yanayorudi kazini yapimwe asidi zake za mafuta kila mara, kwani nazo hukalia amini.