Vifo vya hospitali: gawanya kwa nini?

Mwaka 1863 muuguzi Mwingereza Florence Nightingale alichapisha jedwali linaloshtua hadi leo: katika hospitali 24 za London, vifo asilimia 90.84. Ukilisoma harakaharaka utaamini kwamba kati ya wagonjwa kumi, tisa walitoka wamebebwa. Haikuwa hivyo. Vifo 3,828 vya mwaka mzima wa 1861 viligawanywa kwa watu 4,214 waliokutwa vitandani siku moja tu, tarehe 8 Aprili. Kitanda kimoja hulaliwa na wagonjwa wengi kwa mwaka, na waliopona wakaenda zao hawakuhesabiwa popote.

Kiasi, yaani namba ya juu ya mstari wa kugawanya, kilikuwa sawa. Asili, namba ya chini, ndiyo iliyopotosha. Kila ninapofundisha vijana wa takwimu naanzia hapo, kwa sababu kosa hilo halijafa, limebadilisha sura tu.

Mwaka 1999 daktari Brian Jarman na wenzake walionyesha njia bora zaidi kwa hospitali za Uingereza. Chini ya mstari hawakuweka idadi ya wagonjwa, waliweka vifo vilivyotarajiwa. Tuseme bibi wa miaka 85 kaletwa usiku na nimonia: data za nchi nzima zinampa uwezekano wa kufa wa 0.3. Kijana aliyekuja kwa miadi kupasuliwa ngiri anapewa 0.001. Jumlisha wagonjwa wote, unapata vifo vinavyotarajiwa kwa hospitali yenye wagonjwa wa aina hiyo. Gawanya vifo halisi kwa jumla hiyo, zidisha kwa 100: huo ndio uwiano. Ukipata 100, hospitali iko palepale inapotarajiwa. Hivyo hospitali ya rufaa haiadhibiwi kwa kupokea mahututi.

Lakini vifo vinavyotarajiwa hutoka kwenye kalamu. Karani asipoandika kisukari na figo za mgonjwa, mgonjwa huyo anaonekana mzima kuliko alivyo, asili inapungua, uwiano unapanda. Ukiandika wengi kuwa wa tiba shufaa, yaani ya kupunguza mateso kwa asiyetarajiwa kupona, vifo vinavyotarajiwa vinaongezeka na uwiano unashuka bila mtu hata mmoja kuokolewa.

Hapo ndipo yalipo ya hospitali ya Stafford. Mwaka 2007 hospitali hiyo ya Uingereza ilipata 127. Wakubwa wake wakaelekeza macho kwenye uandishi wa magonjwa. Huku wodini wagonjwa walikuwa wakiachwa bila maji ya kunywa, wengine wamelala kwenye uchafu wao. Jambo hili linaniuma kila nikilisimulia: walikuwa na onyo mkononi, wakalihoji onyo badala ya kwenda wodini. Na hata hivyo, Robert Francis aliyeongoza uchunguzi alionya kuwa si salama kutumia tarakimu hizo kudai kuwa idadi fulani ya watu waliuawa na huduma mbovu. Uwiano hautaji marehemu yeyote.

Kwetu kuna tundu jingine. Ndugu wakiona hali imekuwa mbaya huomba mgonjwa wao akafie nyumbani, na rejesta inaandika "ameruhusiwa". Tangu 2011 England ina kipimo kinachohesabu pia vifo ndani ya siku 30 baada ya mgonjwa kutoka. Sisi tunaweza kuanza na simu. Kwa hiyo nikiletewa kiwango cha vifo kilicho kizuri mno, naomba kwanza orodha ya walioruhusiwa wakiwa taabani na namba za ndugu zao. Kikiwa kibaya, naomba mafaili ya marehemu, nasoma chati ya usiku wa mwisho: nani alipima presha, saa ngapi, na daktari aliitwa lini.